Jina la Mgongoni

Nenda soko la Kongowea, upande wa mitumba, uulize jezi ya basketi. Muuzaji hatakuuliza unataka timu gani. Atakuuliza, "Wamtaka nani?" Kisha ataanza kuzipindua moja moja, mgongo juu, usome majina: Jordan, Bryant, James, Curry. Upande wa mbele, wenye jina la timu, umelalia meza. Jezi za majina makubwa huchukuliwa robota likifunguliwa tu, zikiwa bado kamera, na bei yake si ya mchezo. Zile zisizo na jina, au zenye jina la mtu asiyejulikana mtaani, mwisho wake ni fagia: rundo la chini, jichagulie mwenyewe.

Nimepita hapo tangu utotoni na sikuwahi kuona ajabu. Kilichonifungua macho ni kazi. Mimi huandika habari za michezo kwa malipo ya kila makala, kazi niliyoikimbilia nilipoacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Siku moja nilitaka kuandika kuhusu Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, nikaanza kuwauliza vijana wenzangu wanakumbuka nini. Karibu wote walinitajia kitu kimoja: ile shuti ya Ongwae.

Ni kweli ilikuwa shuti. Februari 2021, Yaoundé, mechi ya kufuzu AfroBasket. Kenya dhidi ya Angola. Tylor Ongwae anaachilia mpira, king'ora kinalia, mpira unaingia. Kenya 74, Angola 73. Morans wakafuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, miaka 28. Video yake ilizunguka kwenye simu zetu zote. Mimi mwenyewe nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Lakini hebu itazame tena. Vipande vingi vilivyosambaa vinaanza mpira ukiwa tayari mikononi mwake. Alama 72 za kwanza hazimo. Dakika arobaini za kukaba, kugombea mpira chini ya kikapu na kukimbia kurudi nyuma, hazimo. Alama 74 hazitoki kwa mtu mmoja, hata awe nani, na kumzuia Angola asifike 74 si kazi ya mtu mmoja pia. Nahodha Griffin Ligare, Ariel Okall, Eric Mutoro: muulize kijana wa Kisauni awataje, uone kama atafika wa pili.

Sisemi Ongwae hakustahili. Astahili kila sifa. Ila kuna jambo linanisumbua. Miaka miwili kabla ya shuti hiyo, Julai 2019, Morans walienda Bamako kwenye mashindano ya kwanza ya AfroCan chini ya kocha Cliff Owuor. Wakawatoa Moroko nusu fainali. Wakafika fainali ya Afrika, wakapigwa na DR Congo 82-61, wakarudi nyumbani na medali ya fedha. Medali ya fedha ya bara zima! Niambie, uliona video gani? Kwa hesabu ya kawaida, fainali ya Bamako ni kubwa kuliko mechi ya kufuzu Yaoundé. Lakini Bamako haikuacha kipande cha sekunde kumi. Iliacha wiki nzima ya timu kucheza vizuri, na hiyo haiingii kwenye status.

Na waliofungwa siku ile Yaoundé ni nani? Hapa ndipo hadithi inaponoga, na ndipo inapoonekana tumeibiwa. Kati ya 1989 na 2013, Angola ilitwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Mmoja kati ya hiyo waliuchukulia hapa kwetu, Nairobi, mwaka 1993, mashindano ambayo Kenya ilimaliza ya nne. Sasa sikiliza: katika miaka yote hiyo hakuna Muangola hata mmoja aliyekuwa amecheza NBA. Wa kwanza, Bruno Fernando, aliingia mwaka 2019. Vikombe 11 bila jina moja ambalo lingeuzwa mgongoni pale Kongowea. Walikuwa na wachezaji wakali, Jean-Jacques Conceição kwa mfano, lakini ulimwengu wa matangazo ulikuwa hauna pa kuwaweka.

Ulimwengu uliwakumbuka Waangola mara moja tu, na walikumbukwa kwa kiwiko.

Ilikuwa Olimpiki ya Barcelona, 26 Julai 1992. Marekani ilikuwa imeleta Dream Team, Jordan, Magic, Bird na wenzao. Kabla ya mechi Charles Barkley aliwaambia waandishi kwamba haijui Angola, anachojua ni kwamba iko matatani. Uwanjani akampiga kiwiko cha kifua Herlander Coimbra. Marekani ikashinda 116-48, na katika mechi hiyo kuna kipindi walifunga alama 46 huku Angola ikipata moja. Moja hiyo ni mtupo huru wa Coimbra, uliotokana na kile kiwiko. Hadithi hii imesimuliwa kwenye vitabu, filamu na vipindi, na kila mara anayesimuliwa ni Barkley.

Siku tano baadaye, kwenye mashindano yayo hayo, Angola ilicheza na wenyeji, Uhispania, nyumbani kwao. Ikawafunga 83-63. Alama ishirini! Wahispania hadi leo wana jina la aibu ile, wanaiita Angolazo. Sisi Waafrika, ambao tungepaswa kuwa na fulana za siku ile, tunajua kiwiko. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni kwamba Barkley alikuwa tayari ni mtu kwenye runinga, na Angola ilikuwa ni timu tu.

Barkley huyohuyo, Juni 1993, alifika fainali ya NBA akiwa na Phoenix Suns dhidi ya Chicago Bulls. Mechi ya sita, sekunde za mwisho, Bulls wako nyuma. Mpira ukatoka kwa Jordan ukaenda kwa Pippen, Pippen akampa Horace Grant, Grant akautoa nje kwa John Paxson, Paxson akatupa kutoka mbali. Ndani. Bulls 99, Suns 98, ubingwa wa tatu mfululizo. Mikono minne. Mtaani kwetu ubingwa huo ni wa Jordan, na jezi ya Paxson sijawahi kuiona, hata kwenye fagia.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo, yana historia. Mwaka 1980 NBA ilikuwa haina soko kiasi kwamba mechi ya sita ya fainali, ile ambayo Magic Johnson mwenye umri wa miaka 20 alifunga alama 42, sehemu nyingi za Marekani iliwafikia watazamaji usiku wa manane, ikiwa imerekodiwa. Runinga iliona afadhali ionyeshe vipindi vya kawaida kwanza. David Stern alipochukua uongozi wa ligi mwaka 1984, ligi iliegemea zaidi kuuza watu: Magic dhidi ya Bird, halafu Jordan, aliyeingia mwaka uohuo na viatu vya Nike vikafuata 1985. Kibiashara ilikuwa akili. Mtu asiyejua basketi hawezi kuona skrini ikiwekwa, lakini sura anaijua. Na skrini ninayosema siyo ya simu, ni ile ya mchezaji kusimama kama ukuta ili mlinzi agonge hapo na mwenzake apate nafasi ya kutupa.

Hata vitabu vya hesabu vilikuwa na upendeleo. Bill Russell wa Boston Celtics alishinda ubingwa mara 11 katika misimu 13, akastaafu 1969. Silaha yake ilikuwa kuzuia mitupo ya wapinzani. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973-74. Yaani kwenye rekodi rasmi, Russell hakuzuia mtupo hata mmoja maishani mwake. Nazo skrini zinazozaa kikapu? Ligi ilianza kuchapisha hesabu zake mwaka 2016. Mwandishi anayeandika akiwa ameshikilia karatasi ya takwimu, na wengi wetu ndivyo tunavyoandika, anaona kile tu kilichohesabiwa.

Kuna mahali karibu na kwetu panaitwa VOK. Makanga wanaliita jina hilo kila siku, na nina hakika wengi hawajui lilikuwa la redio, Voice of Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Hunifanya nifikirie watangazaji wa redio. Mtangazaji wa redio hana ujanja: lazima ataje kila anayegusa mpira, la sivyo msikilizaji anapotea njia. Fulani kwa fulani, fulani amerudisha, fulani amenyang'anywa. Ukisikiliza mechi nzima umewajua watu kumi. Runinga ikaja na kamera inayovuta sura karibu, kisha simu ikaja ikakata vyote ikabakiza mwisho. Sijui kama redio ilikuwa na nia njema zaidi. Haikuwa na njia nyingine, basi.

Kigali, AfroBasket ya 2021, ilikuwa hivyohivyo. Habari kubwa kuhusu Kenya ilikuwa kocha Liz Mills, Mwaustralia, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu kwenye AfroBasket ya wanaume. Historia kweli, na ilipaswa kuandikwa. Lakini Kenya iliifunga Mali 72-66 pale, na ikatolewa na Sudan Kusini 60-58, mechi ya kukabana koo, na haya mimi nilikuja kuyatafuta baadaye kama mtu anayetafuta risiti iliyopotea. Sudan Kusini nao yakawakuta. Julai 2024, London, waliisukuma Marekani hadi 101-100. Unachokumbuka ni LeBron kufunga kikapu cha mwisho, si ndiyo?

Usidhani ninawanyooshea wengine kidole. Mwaka juzi nilienda kuangalia mechi ya wanawake, timu mbili za hapa hapa Mombasa ambazo sitazitaja. Niliyemtazama zaidi alikuwa nambari 9. Alifunga alama nne. Lakini kila mara mfungaji wao mkuu alipopata nafasi, ukitazama vizuri, nambari 9 alikuwa ameshagongwa na mtu kifuani ili nafasi hiyo ipatikane. Nikaandika hivyo. Mhariri wa mtandao mmoja akanijibu kwa WhatsApp: "Staa ni nani? Anza na yeye." Nikabadilisha. Nikaanza na mwenye alama 24, na kichwa cha habari kikasema amewazamisha wapinzani peke yake. Hilo neno "peke yake" sikuliweka mimi, lakini nililiona kabla halijatoka, nikanyamaza. Shilingi 1,500 zikaingia kwa M-Pesa.

Kesho yake ujumbe kutoka kwa nambari 9. "Kaka, nimeisoma. Mbona mimi simo?"

Nikadhani ni wivu wa kawaida. Sivyo. Alikuwa anaomba nafasi ya kusoma nje kupitia basketi, na walikuwa wanataka habari zilizoandikwa kumhusu na video. Kwenye video za mechi yuko nusu sekunde, mgongo kwa kamera, halafu mpira unaondoka na kamera inaondoka nao. Hana cha kukata. Klabu nazo ni hivyohivyo, alisema: anayepewa kazi na mshahara ni yule ambaye bosi amesikia jina lake. Nilitaka kumwambia kwamba bila watu kama yeye hakuna alama 24. Alilijua hilo kuliko mimi.

Na ukiwa mkweli, mhariri naye ana hoja. Bila shuti ya Ongwae, nani angeiandika Morans kabisa? Nilijaribu kumuuzia makala ya Bamako, kuhusu ile medali ya fedha. Akaniuliza kama kuna video.

Mechi yake iliyofuata nilienda na daftari. Ile ya kwanza nilikuwa nimeirekodi kwa simu, nikairudia polepole usiku nikihesabu: skrini 22. Mara hii nilihesabu sita. Alitupa mara 14, zikaingia tatu, mbili kati ya hizo nzuri sana, za kukata na kuweka kwenye status. Mwenye alama 24 safari hii alipata tisa. Wakafungwa.

Watu walipokuwa wanatoka alinifuata pale kwenye ngazi, jasho bado linamtiririka, akaangalia daftari mkononi mwangu.

"Leo nimo?"

Nikamwambia yumo.