Chozi: Mgeni mdogo wa uani anayestahili kueleweka

KATIKA mji wa Illasit, ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya Mlima Kilimanjaro, hakuna haja ya kusafiri hadi Amboseli ili kumwona kiumbe wa ajabu. Palipo na mshubiri uliochanua au mgomba wenye ua, huenda chozi akatua kabla ya jua kupanda.

Jina lake lisimchanganye msomaji na chozi la jicho. Huyu ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, ambaye hunyonya mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya maua.

Watu wengi waliotazama filamu za kigeni humwita kwa jina la ndege mvumaji wa Marekani. Hilo ni kosa. Ndege wavumaji, ambao spishi zao zinazidi 300, huishi katika mabara ya Amerika pekee. Chozi wako Afrika, Asia na hata Australia, na spishi zao zinazidi 100. Makundi haya mawili hayana udugu wa karibu. Yamefanana kwa sababu kila moja lilijifunza kuishi kwa kutegemea maua.

Tofauti huonekana wakati wa kula. Ndege mvumaji huelea hewani mbele ya ua huku mabawa yake yakipiga kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Chozi anaweza kuelea kwa muda mfupi tu, na kwa kawaida hutua juu ya tawi au bua ndipo anyonye.

Aina zinazopatikana

Nyanda kavu za kusini mwa Kajiado na miteremko ya Kilimanjaro zina chozi wa aina mbalimbali. Yuko mwenye mwili mweusi kama mahameli na kifua chekundu. Yuko wa kijani king'aacho, mwenye kifua chekundu na manyoya mawili marefu mkiani. Yuko pia mdogo mwenye mgongo wa buluu na kijani na tumbo la manjano.

Mlima wenyewe umeacha alama katika majina ya kisayansi. Chozi wa rangi ya shaba huitwa Nectarinia kilimensis, kwa jina la Kilimanjaro. Yule wa nyika za juu kabisa mlimani huitwa Nectarinia johnstoni, kwa kumkumbuka Harry Johnston, Mwingereza aliyefanya uchunguzi katika mlima huo mwaka wa 1884.

Rangi hizo ni za madume. Majike huwa na rangi ya udongo au majani makavu, jambo linalowasaidia kujificha wanapotaga na kulea. Jike ndiye hujenga kiota, mfuko unaoning'inia uliofumwa kwa nyasi na utando wa buibui, wenye mlango ubavuni. Mara nyingi hutaga yai moja au mawili. Hata hivyo, aina fulani ya kekeo humvizia akaweka yai lake humo, naye chozi hulea kifaranga asiye wake.

Mbona hupigana?

Anayewatazama chozi uani hushangazwa na ukali wao. Dume mmoja anaweza kuwafukuza wenzake kutwa nzima kwa ajili ya kichaka kimoja tu.

Sababu yake ilielezwa na watafiti Frank Gill na Larry Wolf, ambao walichapisha mwaka wa 1975 utafiti uliofanywa nchini Kenya kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu. Waligundua kwamba ndege huyu hupiga hesabu ya nguvu zake. Ua likiwa na mikrolita moja ya mbochi, humbidi ale kwa takriban saa nane ili atosheke kwa siku. Zikiwa mbili, saa nne zinatosha. Kwa hiyo, kulinda maua yasinyonywe na wengine kuna faida iwapo muda unaookolewa unazidi nguvu zinazopotea vitani.

Ukali huo ndio humfanya dume agonge kioo cha dirisha au cha gari. Anaona kivuli chake akidhani ni mshindani. Kufunika kioo kwa kitambaa kwa siku chache humtuliza.

Jinsi ya kumlisha

Anayetaka kumkaribisha chozi kwa maji ya sukari anashauriwa kuchanganya kipimo kimoja cha sukari nyeupe na vipimo vinne vya maji safi. Asali haifai kwa kuwa huchacha upesi na kuotesha kuvu. Rangi za vyakula hazihitajiki.

Chombo kitundikwe kivulini, kiwe na kijiti cha kutulia, na kiwe mbali na paka. Wakati wa joto maji yabadilishwe kila siku au kila baada ya siku mbili, na chombo kisuguliwe kwa maji ya moto. Maji yaliyochacha yanaweza kumdhuru ndege aliyekusudiwa kusaidiwa.

Sukari pekee, hata hivyo, haimtoshi. Chozi hula pia wadudu wadogo na buibui, na vifaranga wake hukua kwa chakula hicho.

Ndiyo maana kupanda maua ni bora kuliko kununua sukari. Mishubiri ya kienyeji huvumilia ukame na haigharimu kitu kila wiki. Mimea midogo inayoota juu ya matawi ya migunga, ambayo wengi huipuuza, nayo humpa mbochi. Lantana iepukwe ijapokuwa ina maua mengi, kwa sababu huenea na kuharibu malisho ya mifugo.

Suala la dawa

Illasit na vitongoji vyake ni eneo la nyanya na vitunguu, na wakulima hunyunyiza dawa kuokoa mazao yao. Dawa hizo haziwachagui wadudu. Pale wanapokwisha wote, chozi hukosa cha kuwalisha makinda, hata kama chombo cha sukari kimejaa.

Mkulima hana budi kulinda riziki yake, lakini anaweza kupunguza madhara: kunyunyiza jioni upepo ukiwa umetulia, kuzingatia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kuacha ukingo wa shamba wenye vichaka visivyoguswa na dawa.

Ukingo huo si ardhi iliyopotea. Chozi anayekaa humo hubeba chavua kutoka ua hadi ua, akiiwezesha mimea ya porini kuzaa mbegu, na hula wadudu bila kudai malipo. Migunga ikikatwa kwa makaa na vichaka vikafyekwa vyote, hakuna sukari itakayomrudisha.