Mikono Iliyopita Juu ya Kadi Moja

Kadi ya mkono haijawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu wateja wanaofika kwenye karakana yetu hapa Tanga, wakitafuta kadi ya harusi, ya Idi au ya kipaimara, hupitisha kidole juu ya ua lililoinuka kwenye karatasi, kisha huuliza, "Dada, hii umeitengeneza wewe mwenyewe?" Nikiwajibu kwamba tuko watatu, kwamba mmoja hukata na kukunja, mwingine huchapa wino na wa tatu hubandika, naona thamani ya kadi inashuka machoni pao. Wanataka kusikia habari ya mtu mmoja aliyekesha peke yake na mkasi. Mimi nimeifuatilia historia ya kazi hii kwa miaka mingi, na kila niliporudi nyuma nimekuta meza iliyozungukwa na watu.

Nianze na nundu zenyewe, maana wino kila mtu anaujua, ila karatasi inayoinuliwa bila wino wengi hawajui ilikotoka. Ilitoka serikalini. Zamani waraka ulifungwa kwa lakiri: inayeyushwa, inadondoshwa kwenye karatasi, muhuri unakandamizwa, alama inabaki imesimama. Baadaye mafundi wakaona karatasi yenyewe inaweza kuibeba alama hiyo bila lakiri. Uingereza ilipoanza kutoza ushuru wa nyaraka mwaka 1694, ushahidi wa kwamba umelipa ulikuwa muhuri uliokandamizwa kwenye karatasi ya mkataba. Ushuru wa aina hiyo ndio uliopelekwa kwenye makoloni ya Marekani mwaka 1765 ukazua ghasia. Mchonga mihuri ya kodi na mchonga maua ya kadi walitumia chombo kilekile.

Chombo chenyewe kina sehemu mbili. Moja ni kipande cha feleji kilichochongwa picha iliyozama ndani. Ya pili ni mwenzake, kwa mfano kipande cha ngozi au karatasi nzito, kinachopigwa juu ya ile feleji mpaka kichukue umbo lake lakini kwa kuinuka. Karatasi yenye unyevu kidogo huwekwa katikati, kisha mashine ya skrubu huteremshwa kwa nguvu. Unyevu ndio siri ya kazi. Karatasi ikiwa kavu mno hupasuka pembezoni mwa nundu. Ikiwa mbichi mno, nundu hulala tena inapokauka. Sisi hatuna mashine hiyo. Tuna kalamu ya biki iliyokwisha wino, kanga iliyokunjwa mara nne, na kiolezo kilichokatwa kwenye plastiki ngumu. Manila inawekwa juu ya kiolezo, upande wa nyuma ukiangalia juu, na ncha ya biki inazungushwa polepole ndani ya ukingo wa umbo. Mara ya kwanza karatasi haioneshi kitu. Mara ya pili inaanza kung'aa kidogo pale ncha ilipopita. Halafu karatasi inahamishiwa juu ya kanga, tumbo la ua linasuguliwa taratibu, na ukiigeuza unakuta petali zimesimama.

Kuna kisa kuhusu nundu za namna hii ambacho nakipenda kuliko vyote, na kinahusu kadi. Paris, miaka ya 1780, Valentin Haüy alikuwa akimfundisha kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni mwa kanisa. Inasimuliwa kwamba siku moja kijana huyo alikuwa akipapasa karatasi mezani kwa mwalimu wake, akaigusa kadi ya tangazo la mazishi iliyochapwa kwa nguvu mno hadi herufi zikatokeza upande wa nyuma. Akaitambua herufi moja kwa kidole. Mwaka 1786 Haüy alitoa kitabu juu ya elimu ya wasioona, na watoto wa shule yake walisoma herufi zilizoinuliwa kwenye karatasi. Louis Braille alisoma katika shule hiyohiyo, na nukta nundu tunazozijua zikatoka kwake. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba nundu kwenye kadi ni pambo tu. Ni sehemu ya kadi inayosomwa na kidole.

London ndiko nundu zilikopata wepesi wa lesi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1834 fundi aitwaye Joseph Addenbrooke alikuwa na karatasi iliyokandamizwa, bado imelala juu ya feleji yake, na tupa ikapita juu ya ncha zilizosimama. Ncha zikasagika, zikaacha matundu madogo, na karatasi ikatoka imetoboka mfano wa kitambaa cha lesi. Iwe ilikuwa bahati au alikuwa akijaribu, njia hiyo ndiyo iliyotumika tangu hapo: kandamiza kwanza, kisha saga vilele. Karatasi ya lesi ya London ikawa malighafi ya kadi za Siku ya Wapendanao, na ikavuka bahari kwenda Marekani.

Lakini kadi nzuri isiyoweza kutumwa ni mzigo, na kabla ya 1840 kutuma kadi Uingereza kulikuwa ghali. Nauli ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili, kwa hiyo kadi ndani ya bahasha ilitozwa mara mbili. Januari 1840, kufuatia kampeni ya Rowland Hill, barua yoyote isiyozidi nusu aunsi, kama gramu 14, ikaanza kwenda popote nchini kwa peni moja. Sasa kilichohesabiwa ni uzito. Barua zilizotumwa zilikuwa karibu milioni 76 mwaka 1839. Mwaka 1840 zikafika karibu milioni 169. Historia ya kadi ninazozitengeneza iko ndani ya tofauti ya namba hizo mbili.

Miongoni mwa waliopigania posta ya peni moja alikuwa Henry Cole. Desemba 1843 alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya Krismasi ya kutuma kwa wote. Katikati ni familia mezani imeinua glasi. Pembeni, upande mmoja maskini wanalishwa, upande mwingine wanavishwa. Wengine walilalamika kwa sababu mtoto naye anaonekana akinyweshwa divai. Kadi ilichapwa kwa jiwe, mistari tu, kisha ikapakwa rangi kwa mkono na mpaka rangi wa kazi hiyo, jina lake Mason. Zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Shilingi moja ilikuwa peni 12, maana yake nauli ya barua 12. Si kadi ya mtu wa kawaida hata kidogo.

Hapo pa Mason napenda kutua. Jina la Cole liko kwenye kila kitabu, la Horsley pia, ila rangi nyekundu ya joho na kijani cha majani vilitoka kwenye brashi ya Mason. Na upakaji rangi wa picha zilizochapwa, katika London ya wakati ule, ulikuwa kazi ya safu: karatasi inapita kutoka mkono hadi mkono, huyu anaweka buluu, yule anaweka nyekundu, mara nyingi wasichana na watoto, na ujira wao ulikuwa mdogo. Tunaposema "kadi iliyopakwa rangi kwa mkono" tunazungumzia mikono hiyo.

Ng'ambo ya Atlantiki, mjini Worcester, Massachusetts, ndiko ninakoona ukoo wangu wa kazi. Esther Howland alizaliwa huko mwaka 1828. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia. Mwaka 1847 Esther alimaliza masomo katika seminari ya wasichana ya Mount Holyoke, na muda si mrefu akapata kadi ya wapendanao kutoka Uingereza, yenye lesi ya karatasi na maua. Akaona anaweza kutengeneza nzuri kuliko ile. Baba yake akamwagizia karatasi za lesi na picha za maua, naye akatengeneza sampuli kama dazani moja. Kaka yake, aliyekuwa akizunguka kuuza bidhaa za duka, akazichukua safarini. Inasimuliwa kwamba Esther alitarajia oda za dola 200. Kaka yake alirudi na oda za dola 5,000.

Mtu mwenye oda kama hizo hawezi kukaa peke yake na mkasi. Esther aliwaita marafiki zake, akawaketisha kwenye chumba cha juu nyumbani kwao, akagawa kazi. Mmoja alikata picha za rangi. Mwingine alitandika karatasi ya msingi na kupanga picha juu yake kwa kufuata sampuli aliyoitengeneza Esther. Mwingine alibandika. Kadi ilitembea mezani kutoka kwa binti hadi kwa binti mpaka ikamalizika, miaka mingi kabla watu hawajaanza kuisifu njia hiyo kwenye viwanda vya magari. Wanawake wasioweza kutoka nyumbani walipelekewa maboksi yenye vifaa vilivyokwisha kukatwa, na maboksi hayo yakafuatwa baadaye kazi ikiwa imekamilika.

Ufundi wake nimeuchunguza kwenye picha za kadi hizo, na ninauheshimu sana. Chini ya lesi nyeupe aliweka kipande cha karatasi ya rangi kali, nyekundu au buluu yenye kung'aa, ili matundu madogo ya lesi yajae rangi. Ukiiangalia kwa mbali unadhani lesi yenyewe imetiwa rangi. Kati ya msingi na lesi alibandika vikaratasi vidogo vilivyokunjwa mfano wa kinanda cha mkono. Vikikandamizwa ndani ya bahasha vinalala, bahasha ikifunguliwa vinainuka na kuibeba lesi juu. Hivyo kadi ilikuwa na kina cha kweli, tabaka juu ya tabaka, na bado ilipita posta. Mashairi yalikaa ndani, kwenye kipande kidogo kilichobandikwa, kwa sababu yeye aliona maneno ya mapenzi ni ya kufunguliwa. Mwaka 1879 kampuni yake ilitoa kijitabu cha mashairi 131 ili mnunuzi asiyependa shairi lililomo achague jingine na kulibandika juu ya la kwanza. Haya mambo tunayafanya mpaka leo: mteja anapenda kadi, hapendi maneno, tunambandikia mengine.

Esther aliumia goti mwaka 1866, na kwa muda mrefu alisimamia kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1881 aliiuza biashara yake kwa George C. Whitney ili amuuguze baba yake. Kampuni ya Whitney ilikuja kufungwa mwaka 1942, wakati wa vita, karatasi zilipoadimika. Kadi za Esther zimehifadhiwa palepale Worcester, kwenye maktaba ya American Antiquarian Society.

Mashine zilimaliza mambo haraka. Wajerumani walichapa picha ndogo za rangi, wakazikandamiza nundu na kuzikata kwa feleji, zikauzwa zikiwa zimeshikana kwa vijiti vyembamba vya karatasi. Mjini Boston, Louis Prang, mhamiaji kutoka Breslau, alichapa picha kwa mawe mengi, kila rangi na jiwe lake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa akitoa kadi karibu milioni tano kwa mwaka. Nyingi ni nzuri, sikatai. Ila kidole hakipati kitu cha kusoma kwenye karatasi bapa.

Kwenye meza yetu nundu za rangi tunazipata kwa unga wa utomvu. Muhuri wa mpira unachovywa kwenye wino unaochelewa kukauka, unachapwa, na papo hapo unga unamwagwa juu. Karatasi inainamishwa, inapigwapigwa kwa kidole nyuma, unga wa ziada unarudi koponi. Chembe moja iliyobaki nje ya mstari itakuwa doa la kudumu, kwa hiyo binti mwenye zamu hiyo ana brashi nyembamba ya kuzifagia. Kisha joto. Unashika karatasi juu ya pasi iliyogeuzwa, uso wa picha ukiangalia juu, na kwa sekunde chache unga unabaki na uvumbi wake. Halafu ghafla sehemu moja inalowa na kung'aa, na mng'ao unatambaa kufuata mstari mpaka ua zima liwe dhahabu iliyoinuka. Ukizidisha joto, unga hunywewa na karatasi na nundu inaanguka. Kazi ya pasi namwachia binti mwenye subira kuliko sisi wawili.

Kadi nyingi za Esther Howland zina herufi H ndogo, nyekundu, kwa nyuma. Za wale mabinti wa chumba cha juu hazipo. Majina ya waliokata, waliopanga na waliobandika hayakuwekwa kwenye kazi waliyoifanya kwa miaka mingi, na hilo linaniuma kila ninapoiona ile H. Kwa hiyo nimeagiza muhuri mdogo wa mpira wenye herufi tatu, moja ya kila mmoja wetu, na hakuna kadi inayotoka mlangoni bila kugongwa kwa nyuma. Mteja akiniuliza ni za nini, namwita mwenye kila herufi aje aeleze sehemu yake, na bei tunaitaja baada ya hapo.