Jersey: Kisiwa kilichowatwika wanunuzi mzigo wa ushuru

KISIWA cha Jersey, kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, hakizidi kilomita 120 za mraba. Kiko chini ya taji la Uingereza, lakini kina bunge lake na hujitungia sheria za ushuru. Kwa miaka mingi kiwango cha ushuru wa mapato kilikuwa asilimia 20, na hapakuwa na ushuru wa mauzo kwa bidhaa za madukani.

Hali ilibadilika pale Muungano wa Ulaya ulipopinga mfumo uliozipa kampuni za kigeni nafuu ambayo za wenyeji hazikupata. Ili kuzisawazisha bila kuwafukuza wawekezaji, Jersey ilishusha ushuru wa kampuni nyingi hadi sufuri kuanzia 2009, huku kampuni za fedha zikitozwa asilimia 10. Hazina ya serikali ikabaki na pengo.

Ili kuliziba, ushuru wa asilimia 3 kwa bidhaa na huduma ulianza Mei 6, 2008. Huenda sawa na ule wa ziada ya thamani nchini Kenya: mfanyabiashara huutoza, huondoa kiasi alicholipa yeye mwenyewe aliponunua, kisha huwasilisha salio. Anayeubeba hasa ni mnunuzi wa mwisho.

Mvutano mkali ulihusu chakula. Maelfu ya wakazi walitia saini kutaka mahitaji ya lazima yasamehewe, wakidai kwamba maskini hutumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula, hivyo huumia kuliko tajiri. Serikali nayo ilishikilia kwamba msamaha huo ungewafaidi hata matajiri, ungetatiza ukusanyaji na kulazimu kiwango kipandishwe. Afadhali, ilisema, wahitaji wapewe ruzuku.

Hoja ya serikali ilishinda, lakini kiwango kilipanda vilevile, kikafika asilimia 5 mnamo Juni 2011. Hadi leo chakula kinatozwa.

Mwaka wa 2023, wabunge wa kisiwa jirani cha Guernsey walikataa pendekezo la ushuru kama huo, ingawa mjadala haukuishia hapo. Huko nako swali lilikuwa lile lile: kampuni zikipunguziwa ushuru, nani atakayelipa badala yake?