Upigaji picha wa mito
Upigaji picha wa mito ni tawi la upigaji picha wa mandhari linalohusu maji yanayotiririka na kingo zake. Ugumu wake mkuu ni mwanga: anga hung'aa kuliko ukingo wenye kivuli, na kamera hushindwa kuvionyesha vyote vizuri kwa pamoja. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alilishinda tatizo hilo katika baadhi ya picha zake za bahari kwa kuunganisha negativu mbili, ya anga na ya maji. Picha hizo zinastaajabisha hadi leo.

Shata ikifunguka kwa sekunde moja au zaidi, maji hulainika kama ukungu. Kwa 1/1000 ya sekunde matone huganda hewani. Kichujio cha polaraizi hupunguza mng'ao wa juu ya maji. Lakini kuuondoa wote ni kuiua picha, kwani rangi za machweo zimo humo.

Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, hivyo mwanga wa dhahabu hupita upesi. Mjini Pangani, mkoani Tanga, Mto Pangani huingia Bahari ya Hindi ukielekea mashariki. Asubuhi jua huchomoza upande wa mlango wa mto, na kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kikitazamwa dhidi ya jua hilo huonekana cheusi. Jioni mwanga hutokea bara.