FoxPro: vikorombwezo vipya vilisaidia nini?

Lugha ya programu ikizeeka, swali huwa ni lile lile: toleo jipya lina nini? Leo tuchukue FoxPro, maana hadithi yake imeshafika mwisho na tunaweza kuipima bila ushabiki.

Mzizi wake ni dBASE, lugha aliyoibuni Wayne Ratliff kule Marekani miaka ya 1970. Fox Software, kampuni ya Dave Fulton huko Ohio, ikatoa lugha inayofanana nayo lakini yenye mbio zaidi. Mwaka 1991 likaja FoxPro 2.0 na mbinu iliyoitwa Rushmore. Badala ya kusoma jedwali zima, rekodi moja baada ya nyingine, programu iliangalia faharasa kwanza, ikajua rekodi zinazotakiwa, ndipo ikazifuata hizo tu kwenye diski. Kompyuta ileile, data ileile, na jibu linakuja upesi! Hapo sina ubishi, kitu kipya kilikuwa na maana.

Microsoft waliinunua Fox Software mwaka 1992. Visual FoxPro 3.0 ya 1995 ikaleta klasi na objekti, ingawa aliyezoea SEEK na SCAN zake aliweza kuendelea nazo.

Toleo la 9 lilitoka Desemba 2004. Ripoti ziliboreshwa, amri za SQL zikafunguliwa minyororo, aina mpya za data kama Varchar zikaongezwa. Mazuri, sikatai. Lakini faili la jedwali bado halikuweza kupita gigabaiti 2, na huo ndio ukuta uliowabana wenye data nyingi. Machi 2007 Microsoft wakatangaza kwamba hakutakuwa na toleo la 10. Msaada wao ukakoma Januari 2015.

Mimi naona hivi: kitu kipya kina maana kikibomoa ukuta unaougonga wewe. Vingine ni mapambo. Kama jedwali lako linakaribia gigabaiti 2, hamishia data kwenye seva ya SQL. Skrini zako za FoxPro zinaweza kuifikia kwa ODBC. Kama bado uko mbali, usikimbie ovyo, programu hizo zinaendelea kufanya kazi kwenye Windows.

Ila tafuta kijana umfundishe kuisoma hiyo kodi. Programu haistaafu, fundi wake ndiye anayestaafu.