Vijidudu mwilini mwako: wenyeji, wageni wabaya na njia wanazopita

Ukisikia neno "kijidudu" unafikiria uchafu, homa au kuharisha. Lakini hata sasa, ukiwa mzima kabisa, mwili wako umejaa vijidudu. Wanasayansi wanakadiria kuwa mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao hawana madhara yoyote, na baadhi yao unawahitaji ili uwe na afya njema.

Kwa nini ulijue hili? Fikiria uko Mkange, kaskazini mwa Bagamoyo, na mtoto wako anaharisha tangu alfajiri. Jirani anakuletea kapsuli za rangi mbili zilizobaki nyumbani kwake. Anasema zilimsaidia wa kwake. Je, umpe? Ukimaliza kusoma ukurasa huu utakuwa na jibu.

Wenyeji wa mwili

Mtoto hupata vijidudu vyake vya kwanza anapozaliwa, kisha kwenye ngozi na maziwa ya mama. Baada ya hapo vinakaa naye maisha yote: kwenye ngozi, puani, kinywani, ukeni, na zaidi ya yote kwenye utumbo mpana.

Wenyeji hawa wana kazi:

- Huvunjavunja mabaki ya chakula ambayo mwili hauwezi kuyasaga wenyewe.
- Hutengeneza baadhi ya vitamini, kama vitamini K inayosaidia damu kuganda.
- Hukalia nafasi. Ni kama nyumba ya kupanga iliyojaa: mgeni mbaya akija hapati chumba wala chakula.
- Ukeni, bakteria wenyeji hutengeneza asidi inayozuia maambukizi. Ndiyo maana haishauriwi kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa.

Mwenyeji akihama mahali pake

Kijidudu kisicho na madhara sehemu moja kinaweza kuleta ugonjwa sehemu nyingine. Bakteria aitwaye E. coli huishi utumboni bila shida, lakini akiingia njia ya mkojo husababisha maambukizi ambayo wengi huyaita U.T.I. Hivyo wanawake na wasichana wanashauriwa kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Vivyo hivyo, bakteria anayekaa puani au kwenye ngozi akiingia kwenye jeraha huleta jipu.

Pia kinga ya mwili ikishuka, au dawa zikiua wenyeji wengi kwa pamoja, waliobaki hutumia nafasi hiyo. Utando mweupe wa fangasi kinywani ni mfano mmojawapo.

Vijidudu vya maradhi

Vijidudu vinavyoleta magonjwa huitwa vimelea. Makundi yake makuu ni haya:

- Bakteria: kipindupindu, kifua kikuu, homa ya matumbo.
- Virusi: surua, mafua, VVU, kichaa cha mbwa, na sehemu kubwa ya magonjwa ya kuharisha kwa watoto wadogo.
- Fangasi: mapunye, fangasi wa miguu.
- Protozoa: malaria, amiba.

Minyoo ya kichocho na ya matende nayo ni vimelea, ingawa si vijidudu kama hivi vingine.

Kumbuka jambo moja: antibayotiki hulenga bakteria. Haziui virusi hata kimoja.

Njia wanazopita

Kimelea lazima kitoke kwa mgonjwa, kipite njia fulani, kisha kiingie kwa mtu mwingine. Ukiifunga njia, ugonjwa unakwama. Lakini kila ugonjwa una njia yake, na kinga ya mmoja haizuii mwingine.

*Kutoka kinyesi hadi kinywani.* Hii ni njia ya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuharisha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Mvua kubwa huzidisha hatari, kwa kuwa maji husomba kinyesi hadi kwenye visima na mito. Funga njia hii kwa choo, kwa kuchemsha au kutibu maji ya kunywa, na kwa kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Kama huna bomba, kibuyu chirizi kinatosha.

*Hewa.* Kifua kikuu na surua hupita mtu anapokohoa. Fungua madirisha, ziba mdomo unapokohoa, na mpeleke mtoto akapate chanjo zote. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa.

*Mbu.* Malaria na matende huletwa na mbu; kunawa mikono hakuzuii. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Bagamoyo ina nafasi yake katika historia ya malaria: Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapo, na watoto wa eneo hilo walishiriki majaribio ya chanjo za RTS,S na R21, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023.

*Wanyama.* Mkange iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Popote watu, mifugo na wanyamapori wanapokaribiana, usile nyama ya mnyama uliyemkuta amekufa, na chemsha maziwa kabla ya kunywa. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

*Damu na ngono.* VVU na homa ya ini ya aina ya B hupita hapa. Tumia kondomu, na usichangie wembe wala sindano.

Turudi kwa mtoto anayeharisha

Usimpe zile kapsuli. Kama kinachomharisha ni virusi, hazitamsaidia. Zitaua bakteria wenyeji wa utumbo wake, na zinaweza kuzidisha kuharisha. Tena bakteria wanaobaki hujifunza kustahimili dawa. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA): siku atakapoihitaji dawa hiyo kweli, huenda isifanye kazi.

Kinachoua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kupungukiwa maji. Kwa hiyo:

1. Changanya pakiti moja ya ORS na lita 1 ya maji safi ya kunywa. Mpe kidogo kidogo, hasa kila baada ya kuharisha. Yakipita saa 24, mwaga na utengeneze mengine.
2. Kama huna ORS, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.
3. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
4. Ulizia vidonge vya zinki kituoni. Hutumika siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia, mtoto amelegea, anatapika kila kitu au hawezi kunywa. Kinyesi kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu kwa mtu wa umri wowote. Usisubiri kuche, na mnyweshe ORS njiani.

Mhudumu wa afya akimpima na kumwandikia antibayotiki, mpe kwa kiwango na siku alizoelekeza, hata akipata nafuu mapema. Usiweke akiba kwa ajili ya mwingine. Kwa ushauri, piga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.