Mapafu Baada ya Homa Kali ya Virusi

Homa ya mapafu iletwayo na virusi, iwe ya surua, ya mafua makali au ya korona, haikomi siku mgonjwa aruhusiwapo kurudi nyumbani. Kwani virusi hushambulia vifuko vidogo vya hewa, ambamo oksijeni hupenya kuingia damuni, na kuta zake, zilizokuwa nyembamba mno, huweza kupona kwa kovu nene lisilopitisha hewa kwa wepesi. Aghalabu kovu hilo hupungua katika mwaka wa kwanza, kama ilivyodhihirika kwa wagonjwa wa SARS ya 2003 waliofuatiliwa Beijing kwa miaka 15. Lililosalia baada ya hapo halikubadilika sana.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, madhara haya huwa mazito zaidi. Mashamba mengi yapo kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 2,000, ambako mgandamizo wa hewa umepungua takriban moja ya tano kuliko ulivyo Mombasa, naye achumaye kwa mikono hupanda na kushuka miteremko na kikapu mgongoni, ujira wake ukihesabiwa kwa kilo. Mtu huyo, akiketi kwenye benchi la kliniki na kipimo cha kidoleni kikionyesha oksijeni ya kutosha, huonekana mzima. Akirejea mashambani hutweta, husimama, na kilo zake hupungua. Kwa sababu hiyo si insafu kumhukumu mgonjwa akiwa amekaa: atembezwe dakika 6, kipimo kisichohitaji mtambo wa thamani, na oksijeni yake itazamwe.

Jingine la kuhuzunisha ni kuchanganywa maradhi haya na kifua kikuu, kwani kikohozi kisichoisha na makovu katika picha ya eksirei huweza kumshawishi tabibu kuanzisha dawa za miezi 6 kabla ya makohozi kupimwa. Moshi wa kuni jikoni, nao, humzidishia dhiki mwenye mapafu dhaifu, hasa mwanamke atokaye shambani moja kwa moja hadi mekoni.

Si kila kutweta kwatokana na kovu. Misuli iliyonyauka kitandani ina sehemu yake, na waliougua mahututi huko Toronto walitembea kwa shida hata miaka 5 baadaye, ilhali vipimo vya mapafu yao vilikaribia kuwa vya kawaida. Ndiyo maana tiba hutegemea mno mazoezi ya pumzi na ya viungo, yakiongezwa kidogo kidogo, na mchumaji kupewa kwanza safu za tambarare, kikapu kisijae.